Kikombe Kimoja Kabla ya Kuzima

JUMATATU, SAA NNE ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha saluni ya Genoveva, pale Kinondoni, kilinuka dawa ya kalikiti mpaka inzi walikuwa wakifika mlangoni wanageuza. Ndiyo maana kilifaa. Askari hata angetumwa humo, asingekaa akamaliza sigara moja.

Mezani palikuwa na vitu vitatu. Ramani iliyochorwa nyuma ya kalenda. Bastola iliyofunikwa kwa taulo la wateja. Na turbo ya lori, feni ya chuma ya kuisukumia injini upepo.

Ile turbo aliileta Mwishehe, fundi wa Tandika, ndani ya kikapu cha ukili, juu kaitandikia mchicha. Ilikuwa kubwa kama kichwa cha fahali. Wapakuaji wa Kurasini waliomuuzia walimwapia kwamba lori lililokuwa nayo liliwahi kupanda mlima wa Kitonga na tani thelathini huku dereva amesinzia. Mwishehe hakuwabishia. Mtu akikuuzia chuma kizuri, muache aseme uongo wake kwa raha.

"Hebu rudia, Fundi," alisema Gaudens. "Kwa Kiswahili cha watu."

Gaudens ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mrefu, mifupa mitupu, kavaa magwanda ya jeshi miaka saba kisha akafukuzwa kwa mambo ambayo hakuna aliyeyauliza. Walimwita Kamanda. Alikuwa na tabia moja: unapozungumza naye, anatazama saa.

Mwishehe akaisukuma turbo katikati ya meza.

"Gari lako la Kijapani ni silinda sita, turbo mbili. Moja ndogo, inaamka mapema. Mwenzie anaamka baadaye, akipigiwa hodi na vimipira vya upepo. Vimipira vyote vimeoza kwa joto letu hili. Hodi haisikiki. Kwa hiyo una wake wawili, mmoja hatoki kitandani."

Genoveva akacheka. Nassibu, aliyesimama mlangoni na funguo kidoleni, naye akacheka, lakini alimtazama Kamanda kwanza.

"Dawa yake?" akauliza Gaudens.

"Natoa zote mbili. Naweka hii moja. Menifoldi nachomelea mwenyewe kwa bomba la mvuke. Eksozi nene kama paja. Mbele naweka rejeta ya kupoza upepo. Chini itakuwa inalala. Utakanyaga, haitakujibu. Utahesabu moja, mbili... Hapo itaamka. Ikiamka, shika usukani na imani yako."

"BMW itaiacha?"

"Itaiacha mpaka waliomo waanze kulaumiana."

"Na ubaya wake? Kila fundi ana 'lakini' yake."

"Zikiwa mbili, moja ikifa, unachechemea mpaka nyumbani. Ikiwa moja, ikifa, huna nyumba."

Gaudens akatazama saa. Kisha akaifunua ramani.

Dili lenyewe Genoveva ndiye aliyelileta. Mke wa tajiri mmoja wa mawe alikuwa mteja wake wa Jumamosi, na mwanamke akishatiwa kichwa kwenye mashine ya kukaushia nywele hajisikii anavyopayuka. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kisanduku cha chuma kinatoka Chang'ombe kwenda uwanja wa ndege. Ndani yake mna mawe ya Mererani, ya buluu, yaliyokwisha kukatwa. Land Cruiser inabeba kisanduku. BMW nyeusi inafuata nyuma na watu wawili wenye bunduki.

"Saa sita na nusu," alisema Gaudens. "Nusu ya Temeke iko msikitini, nusu iko kwenye wali. Pale Keko kwa maseremala, Genoveva anakuwa kanunua kabati la kioo. Linapita barabarani juu ya mkokoteni. Linaanguka. Land Cruiser inasimama. Mie nashuka, nachukua, napanda. Nassibu anatutoa. Barabara ya Kilwa, Mtoni, gereji ya Fundi. Pale tunaliacha gari, tunapanda gari la mikate, tunatulia Mbagala. Dakika kumi na mbili toka mwanzo hadi mwisho."

"Mbona mie ndio nipigwe jua na mkokoteni?" akauliza Genoveva.

"Mnyamwezi kubeba mzigo ni asili," Mwishehe akamtupia. "Babu zako walitembea toka Tabora na pembe begani bila hata kuulizwa."

"Na babu yako Mzaramo alikuwa anawasubiri Dar chini ya kivuli, anauliza kama kuna ngoma. Nyamaza, mtani."

Gaudens hakucheka. "Fundi, umeshasema bei yako?"

Vicheko vikakatika. Mwishehe alitazama mlangoni, akamwona Nassibu na kofia yake ya mbio za magari, miaka ishirini na nne, shingo kama ya mama yake. Mama yake aliitwa Tabu. Alikuwa dada yake Mwishehe wa tumbo moja, na siku anakata roho wodini alimshika kaka yake mkono na kusema maneno mawili tu: mrudishe mwanangu. Wakati huo Nassibu alikuwa na miaka kumi na alikuwa kakaa nje kwenye benchi, hajapotea popote. Mwishehe aliuelewa mwaka huu ule wosia.

"Bei yangu ni huyu," akasema. "Kazi hii moja. Kisha kijana ni wangu."

"Kisha kijana ni wako," alisema Gaudens, akatazama saa.

JUMATANO, SAA TISA ALASIRI

Siku mbili na nusu Mwishehe hakulala kitandani. Alichomelea mpaka majirani wakadhani anaunda meli. Bomba la mvuke alilikunja kwa mchanga na moto, vipande sita, vyote vinakutana mahali pamoja kama vidole vinavyoshika tonge. Bomba la oili la kwenda juu alilipata mtaa wa Gerezani, kwa wauza vipuri. La kurudi chini alilipanua mara tatu, akalipima kwa macho, akalikataa, akalitengeneza tena. Nassibu alimshikia taa na spana.

Gereji yenyewe ilikuwa mabati matupu pande zote, mlango mmoja wa mnyororo, kabati la vipuri, na kanzu ya Ijumaa kwenye msumari.

Alasiri ya Jumatano wote wanne walisimama humo. Gari jekundu, milango miwili, limeinama mbele kama nyigu. Nassibu akapiga stata.

Kwanza lilikohoa. Kisha likatulia. Kisha Nassibu akakanyaga, na kutoka chini ya boneti ukapanda mluzi, mwembamba, ukapanda, ukapanda, mpaka mbwa watatu wa Tandika wakaanza kulia kwa pamoja na bati moja la paa likaachia msumari wake. Genoveva akaziba masikio. Gaudens, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akasahau saa.

Waliliendesha mpaka Mtoni na kurudi. Walipoingia gerejini Nassibu akanyoosha mkono kwenye ufunguo. Mwishehe akaupiga ule mkono kwa spana, taratibu, lakini kwa spana.

"Usizime."

"Tumefika, Mjomba."

"Wewe umefika. Yeye bado." Akainua birika lake la kahawa kutoka kwenye mkaa, akamimina kikombe kimoja, akakaa kwenye tairi. "Njooni hapa wote, nasema mara moja. Ndani ya ile turbo kuna shafti, mhimili wake. Inazunguka mara laki kwa dakika. Haigusi chuma, inaelea kwenye oili. Ukizima injini ghafla, oili inasimama, shafti haijasimama, na moto wa Jehanamu umeikalia kichwani. Oili iliyobaki inaungua inakuwa masizi. Masizi yanatafuna bushi, zile pete zinazoishika. Ukifanya hivyo mara moja, imejeruhiwa. Mara ya pili, mtaizika."

"Sasa tukae tunaitazama?" Gaudens akauliza.

"Muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Iache ingurume polepole, ipoe. Nikimaliza kunywa, zima." Akapuliza kikombe. Akanywa. Kinywaji kidogo kile akakinywa dakika mbili nzima, hadi Genoveva akaanza kukanyagakanyaga chini. Kisha akakipindua kikombe. "Zima."

Nassibu akazima. Injini ikanyamaza, lakini chini ya boneti kukabaki kitu kinanong'ona, fyuuu, kirefu, kinafifia polepole kama mtu anayelala na dhamiri safi.

"Umesikia?" Mwishehe akamwambia mpwa wake. "Huo ndio usingizi wa haki."

Gaudens alikuwa keshatoka nje.

ALHAMISI, SAA MOJA ASUBUHI

Mwishehe alifungua mlango, akatia mguu mmoja ndani, akaganda.

Hakuna kilichoibwa. Gari lilikuwa palepale. Lakini hewa ilinuka oili iliyoungua, harufu ya vitumbua vilivyosahauliwa jikoni.

Akachukua taa. Kiti cha dereva kilikuwa kimerudishwa nyuma hadi mwisho. Nassibu ni mfupi, hukaa amekumbatia usukani. Kwenye mbawa za matairi kulikuwa na udongo mweupe, laini kama unga wa sembe. Tandika haina udongo huo. Mtoni haina. Udongo mweupe namna hiyo uko Pugu, kule vilimani, kinyume kabisa na Mbagala.

Akafungua bomba la kurudisha oili. Lililotoka lilikuwa jeusi, lina punje punje kama machicha ya kahawa. Akaingiza kidole, akaizungusha shafti. Ilizunguka. Lakini mahali pamoja ilikwaruza. Kidogo tu, kama mchanga kwenye wali.

Funguo za gari zilikuwa mbili, kila moja pamoja na nakala ya ufunguo wa gereji. Moja ya Nassibu. Ya pili ya Kamanda.

Mwishehe akakaa kwenye lile tairi. Hesabu ilikuwa rahisi, na ndiyo iliyomtia baridi. Mtu mrefu. Kalitoa gari alfajiri. Kalikimbiza kwa fujo mpaka Pugu, kapima muda, kalirudisha mbio kabla watu hawajaamka, kazima papo hapo. Mtu aliyesema tunatulia Mbagala anakwenda kupima njia ya Pugu peke yake kwa sababu gani?

Kwenye kabati, ndani ya karatasi yenye grisi, kulikuwa na bushi mpya, seti nzima. Kuzibadilisha ni kazi ya saa nne. Mwishehe alilitazama kabati kwa muda mrefu. Hakulifungua.

ALHAMISI, SAA KUMI ALASIRI

"Nauliza," alisema. Walikuwa wote wanne gerejini. "Kuna aliyelitoa gari tangu jana?"

Genoveva akatikisa kichwa. "Mie hata kuliwasha silijui."

"Mie nililala Keko kwa mshikaji," alisema Nassibu.

Gaudens alitazama saa. "Halijatoka."

"Nauliza tena. Dereva kwa fundi ni mgonjwa kwa mganga. Asiyesema anapoumwa hatibiwi. Turbo imepata joto. Kama kuna aliyelitoa, aseme sasa hivi, sina ugomvi naye. Nina saa nne za kazi, litapona kabisa. Kama hakuna aliyelitoa, basi haliumwi, na mie gari lisiloumwa silifungui. Hii ndiyo mara ya pili. Marehemu baba, naye alikuwa fundi, alinifunza: uliza mara mbili. Ya tatu atauliza Mungu."

Mkaa ukalia chini ya birika. Gaudens alimtazama Mwishehe. Si saa. Mwishehe mwenyewe. Alimtazama kwa muda, akitafuta mzee huyu anajua nini na anajua kiasi gani.

"Fundi unaanza kutafuta visingizio," akasema. "Halijatoka. Na kesho utapanda nyuma. Likigoma, ugome nalo."

"Nyuma pale hapakai mbuzi, Kamanda!"

"Jikunje."

Walipoondoka Mwishehe akambakisha Nassibu. Akamwonyesha kiti. Akamwonyesha udongo. Nassibu alitazama, akaokota kitambaa, akaanza kufuta ule udongo.

"Mjomba, Kamanda hawezi. Mama alipokufa wewe ulinilisha. Sawa. Lakini Kamanda ndiye aliyenipa usukani. Angekuwa na baya, si ningelijua?"

"Baya la mtu linajulikana siku likikufika."

"Kesho tu, Mjomba. Kesho halafu basi. Kwa nini usitafute bushi mpya, uwe na amani?"

Mwishehe akalipa kabati mgongo. Alisema, "Kikombe kimoja. Hata mbingu ikianguka. Niahidi."

"Nakuahidi."

IJUMAA, SAA SITA NA DAKIKA KUMI NA TANO

Keko. Jua la utosi. Maseremala wanapiga msasa, vumbi la mninga linaingia puani. Gari jekundu limeegeshwa kwenye kivuli cha makochi yanayouzwa, injini inanguruma polepole.

Nyuma, Mwishehe alikuwa kakunjwa kama kanzu ndani ya sanduku. Goti moja liko sikioni. Kwa sikio la pili anaisikiliza turbo. Alikuwa kalala macho, kaisikiliza usiku kucha hata ikiwa imezimwa. Akijiambia: ikipozwa kila inapofika, itavumilia safari moja. Safari moja tu. Kisha akijiuliza: na kama haivumilii? Aliyeshika usukani ni mtoto wa Tabu.

"Fundi, unasali?" akauliza Gaudens kutoka mbele.

"Ijumaa hii umeninyima msikiti. Naanzia hapa hapa."

SAA SITA NA DAKIKA THELATHINI NA MBILI

Land Cruiser nyeupe ilitokea. Nyuma yake BMW nyeusi, imemsogelea mwenzie kama mkwe mwenye wivu.

Genoveva akatoka kati ya makabati, kajitanda khanga, anamfokea msukuma mkokoteni ambaye hakuwa na kosa lolote. "Taratibu, wewe! Kabati hilo la harusi! Kioo! Angalia kio—"

Akalisukuma mwenyewe. Kabati la milango mitatu likaenda chini katikati ya barabara. Kioo kikalia Keko nzima. Land Cruiser ikafunga breki. BMW ikaigonga kisogoni.

"Uuuwi! Wameniua! Nani atalipa? Shuka, shuka wewe mwenye gari, nani atalipa?"

Gaudens alikuwa keshashuka. Kitambaa usoni, bastola mkononi. Hatua nane. Mlango. Kitako cha bastola kwenye taya la mtu. Kisanduku. Hatua nane. Watu wa BMW walikuwa bado wanapigana na mlango wao, maana Genoveva aliuegemea kwa nyama zote alizojaaliwa, akilia ndoa yake.

"Twende!"

Nassibu akakanyaga.

Gari halikujibu. Moja. Risasi ikavunja taa ya nyuma. Mbili. Mwishehe akaona mgongo wa mpwa wake ukikakamaa. "Mjomba!" Akamjibu, "Subiri, inaamka."

Ikaamka.

Mluzi ukapanda, na dunia ikarudi nyuma. Makochi, vitanda, majeneza, vyote vikawa mstari mmoja wa rangi ya mninga. Kichwa cha Mwishehe kikagonga kioo cha nyuma na kubaki hapo, kimebandikwa. Baadaye Mtoni walisema lilipita gari ambalo sauti yake ilifika baada ya vumbi lake. BMW ilionekana kwenye kioo mara moja, ikawa kama kiatu, ikawa kama mende, ikawa hakuna.

Gaudens alicheka. Kacheka! "Fundi, wewe ni shetani!"

Mwishehe hakucheka. Alikuwa ameusikia. Katikati ya ule mluzi, chini kabisa, palikuwa na uzi mwingine. Mkwaruzo. Mchanga kwenye wali.

"Punguza," akasema. "Nassibu, baba, punguza."

SAA SITA NA DAKIKA ARUBAINI NA SITA

Gerejini. Nassibu aliingiza gari pua mbele. Mluzi ukashuka. Injini ikabaki inanguruma polepole.

Gari la mikate lilikuwa pembeni, tayari. Hakuna aliyelitazama. Gaudens alishuka na kisanduku, akakitia kitini upande wa abiria. Akaigonga saa ya mafuta kwa ukucha.

"Limekunywa sana. Mimina dumu lile lote."

"La nini, Kamanda?" Nassibu akauliza. "Si linabaki hapa?"

Bastola ikajibu. Haikulia. Ilimtazama tu.

"Shuka. Simama kwa mjomba wako."

Nassibu alishuka. Uso wake ulikuwa wa mtoto wa miaka kumi kwenye benchi la wodini. Mwishehe akamvuta kwa shati hadi nyuma ya mgongo wake.

"Zima, Fundi, umimine. Siwezi kumwagiwa petroli juu ya eksozi ya moto."

"Kikombe kimoja kwanza."

"Nimesema zima!"

"Kamanda." Mwishehe alinyoosha mkono polepole, akachukua birika, akamimina kahawa. Nusu ikaenda chini. "Dakika mbili tu. Una dakika mbili. Nakwambia kama ninavyomwambia aliyeniumba. Uliizima ikiwa bado ya moto jana alfajiri ulipotoka Pugu. Ukiizima tena hivi sasa, haikufikishi mlimani. Au kapande gari la mikate. Linakwenda polepole lakini linafika."

Gaudens hakushtuka kwamba mzee anajua. Akatazama saa. Na Mwishehe akaelewa kwa nini anaitazama namna ile. Kuna mtu mwingine anakuja. Kaitwa.

"Saa saba na robo polisi watakuwa hapa," alisema Gaudens, kama aliyesikia mawazo. "Nimewapigia asubuhi kutoka dukani, nikawatajia saa na mahali. Wanataka majambazi, nawapa majambazi. Wanakuwa na kazi huku, mie nakuwa kule. Unataka nisubiri kahawa ili wanikute? Mzaramo, unadhani mie wa kuja?"

Akaingiza mkono dirishani. Akageuza ufunguo.

Injini ikanyamaza. Mwishehe akatega sikio. Ile fyuuu ndefu, usingizi wa haki, haikuja. Ilikuja *fyu*, ikakatika. Kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Haya," akasema. "Imezimwa."

Akamimina mafuta. Lita zote. Hakumwaga hata tone. Gaudens akawaswaga ndani kabisa kwa bastola, akaliwasha gari, akalirudisha nje, akashuka akauvuta mlango. Mnyororo ukalia. Kufuli mpya ikafunga, klik, kutoka nje.

Kisha mluzi. Ukapanda kuelekea Yombo, njia ya Pugu.

"Katuuza," alisema Nassibu. Alikaa chini kwenye oili. "Mjomba, katuuza. Wanakuja na tumefungiwa."

Adhana ilikuwa zamani imekwisha. Kwa mbali imamu alikuwa kwenye rakaa ya mwisho. Mwishehe alikwenda ukutani, nyuma ya kabati, akaweka bega kwenye bati moja. Likaachia chini.

"Fundi gani asiyejua bati lake lililolegea? Vua hilo koti. Vaa kanzu yangu, chukua kofia. Msikiti unatoka sasa hivi. Ingia katikati ya watu, tembea kama mtu aliyeomba dua. Nenda kwa shangazi yako Najat, Mbagala, kaa huko mpaka nikuite."

"Na wewe?"

"Mie nimefungiwa."

"Mjomba!"

"Sikiliza. Gereji tupu ina majambazi waliokimbia. Gereji iliyofungwa kwa kufuli toka nje, mzee yumo ndani, hiyo ina mzee aliyeibiwa. Kamanda katuachia hati ya usafi, hajui tu. Nenda!"

Nassibu akapita. Kanzu ikanasa, ikachanika pindo. Mwishehe akalirudisha bati, akagonga misumari miwili kwa kisigino cha spana. Koti la mpwa wake akalitia kwenye mkaa. Kisha akamimina kahawa nyingine na kuinywa yote.

SAA SABA NA DAKIKA KUMI NA NANE

Askari sita walivunja kufuli kwa nondo. Walimkuta mzee kakaa juu ya tairi, kajishika kichwa.

"Nani kakufungia?"

"Mwizi, afande. Mrefu hivi. Kaleta gari nimtengenezee, leo karudi na bastola, kalichukua, hata hajanilipa. Jekundu. Kaelekea Yombo." Akapangusa jicho. "Na kaniharibia Ijumaa."

Redio ya mmoja wao ikakwaruza. Wakasikiliza wote, na Mwishehe pamoja nao. Gari jekundu limeonekana likipanda mlima wa Pugu. Halikimbii. Linatoa moshi wa buluu ambao unaonekana toka Gongo la Mboto, wanakijiji wanadhani msitu unaungua. Limesimama. Dereva kashuka na kisanduku. Ana silaha. Anapiga risasi.

Redio ikakwaruza tena. Kisha sauti ikasema hapigi tena.

Mwishehe alitazama kikombe chake. Akakipindua taratibu, na utaratibu ule ndio uliomtisha.

WIKI TATU BAADAYE, SAA NNE ASUBUHI

Yule afande alirudi na gunia. Alitoa turbo, nyeusi, imeungua.

"Shikamoo, Mzee. Wewe ndiye uliyeifunga. Tunaandika ripoti. Hii ilikufa nini?"

"Marahaba." Mwishehe aliishika, akaingiza kidole, akajaribu kuizungusha. Haikuzunguka. Imeshikana na bushi, chuma kimoja. "Haraka, afande. Andika hivyo. Ilikufa kwa haraka."

Afande akaandika. Akanywa kahawa moja, akaaga.

Nassibu alikuwa chini ya lori la mchanga, kachafuka oili mpaka kope. Wiki ya pili sasa analala nyumbani. Genoveva alikuwa kamtumia salamu, na kwa mtani wake bili ya kabati la kioo.

"Mjomba, spana ya kumi na saba?"

"Kabatini."

Akasikia mlango wa kabati ukifunguka. Akasikia vyuma vikisogezwa. Kisha akasikia karatasi ikifunguliwa. Alipogeuka, Nassibu alikuwa kasimama na karatasi yenye grisi kiganjani, imefunguliwa. Bushi zinang'aa.

"Ulikuwa nazo," alisema Nassibu. "Tangu siku ile. Ulikuwa nazo."

"Nilikuwa nazo."

"Na mie ndiye niliyekuwa nashika usukani."

"Na mie nilikaa nyuma yako."

Nassibu alizitazama zile bushi. Akamtazama mzee. Kisha akazikunja ndani ya karatasi yake, pembe kwa pembe, akazirudisha mahali pake nyuma ya makopo.

"Uliuliza mara mbili," akasema. "Nilikusikia."

Nje kulikuja lori, likasimama mlangoni, limetoka safari. Dereva akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Usizime!" wakapaza sauti wote wawili.

Mwishehe akachukua birika.